Bi Lango Yuko Folda Gani?

Jumatano, 29 Mei

Habari yenyewe nimepewa kwenye korido, na Meneja, huku anatafuna. Kompyuta ya matangazo inafutwa. Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe 7. Mkandarasi analeta mfumo mpya na sauti mpya — ya mwanamke asiyekuwepo, katengenezwa na mashine, na anavyotamka "abiria" utajua hajawahi kusubiri basi hata siku moja.

Nikauliza, na sauti ya zamani je? Akasema ya zamani ni ya zamani. Akaenda zake.

Ya zamani ni ya Mama Mdogo! Miaka yote hiyo aliyotangaza hapa kituoni, mpaka watu wakamsahau jina, wakawa wanamwita Bi Lango tu, kwa ajili ya "lango namba hii, lango namba ile". Mwaka jana alipasuliwa koo. Ugonjwa ukatolewa, na sauti ikaenda nao. Sasa nyumbani anaandika kwenye kibao cha kufutika. Hapa kituoni rekodi zake bado zinapayuka kutwa: basi linaondoka, angalieni mizigo yenu. Nashinda ofisi ya ratiba namsikia, jioni narudi nyumbani namkuta kimya anamenya vitunguu. Sijazoea. Sitazoea.

Mtaalamu wa sauti wa hospitali alishatuambia: mleteeni rekodi zake za kutosha, nitaifundisha tableti iongee kwa sauti yake. Yeye aandike, tableti iseme. Si kama ile programu ya simu anayotumia sasa, inayoomba chumvi kama inaamuru gwaride.

Kwa hiyo kazi ni ndogo. Faili zipo kwenye kompyuta ya matangazo. Nizitafute, nizikopi, basi. Nimesoma Python, lugha ya kuandikia programu, kozi nzima ya jioni na cheti kiko ukutani. Kesho saa nne nitakuwa nimemaliza.

Alhamisi, 30 Mei

Sijamaliza.

Nimeandika njia ya folda kama inavyoonekana kwenye skrini, herufi kwa herufi: D:\sauti\namba\tangazo. Python ikaniambia hoja batili. Batili vipi? Folda hiyo hapo, naiona kwa macho yangu mawili! Nikaandika upya. Batili. Nikabadilisha kibodi, nikidhani kitufe kimekufa. Batili.

Kumbe Windows inatenganisha folda zake kwa slashi ya kinyume, na Python ikiona slashi hiyo imefuatwa na n inaelewa "shuka mstari mpya". Ikifuatwa na t, "ruka nafasi". Kwa hiyo mimi nasema namba na tangazo, mwenzangu anashuka mstari, anaruka, halafu ananishangaa. Dawa yake ni kuweka r kabla ya alama ya kufungua nukuu, ili isome kila kitu kilivyo bila kujifanya mjuaji. Herufi moja! Asubuhi nzima!

Mlango ukafunguliwa, Mkandarasi akachungulia. Kijana mwenye viatu vyeupe sana kwa kazi ya kutambaa chini ya meza. Akauliza natafuta nini. Nikamwambia mama yangu mdogo. Akafunga mlango taratibu.

Ijumaa, 31 Mei

Leo nimegombana na mashine kwa sauti, mpaka wauza tiketi dirisha la pili wakanisikia.

Programu niliiandika mezani kwangu, ikakubali. Nikaihamishia kompyuta ya matangazo, nikaifungua kwa ruhusa ya msimamizi, maana bila ruhusa hiyo hata saa haibadilishiki. Ikasema folda ya sauti haipo. Nikaiambia inioneshe inatafuta wapi, njia kamili, kuanzia mlangoni. Ikajibu bila aibu: C:\Windows\System32\sauti.

System32! Nani kakutuma huko? Mimi nimekwambia "sauti" tu, nikitegemea utaanzia pale nilipokuweka wewe mwenyewe. Lakini hapana. Ukiifungua kwa ruhusa ya msimamizi inajiona imesimama ndani ya matumbo ya Windows, na chochote ukitaja bila anwani kamili inakitafutia hukohuko. Na ukiiomba njia kamili ya folda isiyokuwepo, inakutungia tu. Uso mkavu kabisa. Kama mtu unayemuuliza njia mtaani, hajui, lakini anaona haya kusema hajui, anakuelekeza kona ya kushoto.

Nimerudi nyumbani na kichwa kimepasuka. Mama Mdogo akaandika: Umekula? Nikasema ndiyo. Akafuta, akaandika: Mwongo. Akanisogezea sahani.

Jumatatu, 3 Juni

Nimepata! Halafu nimepoteza. Nianze na kupata.

Leo nimeweka anwani kamili, r mbele, na nikaiamuru itafute mpaka folda za ndani. Kumbe ile amri niliyokuwa naitumia huangalia sebuleni tu, vyumbani haiingii mpaka uiambie. Skrini ikaanza kumwaga majina. Lango_moja. Lango_mbili. Linaondoka. Limechelewa. Samahani. Nikapiga kigelegele peke yangu.

Nikabofya moja kuhakikisha kama ni nzima.

Sikuwaza. Tundu la vipokea sauti vya masikioni kwenye kompyuta ile lilizibwa na gundi zamani, eti watangazaji wasisikilize muziki kazini. Sauti yake ina njia moja tu, spika za nje. Kituo kizima kikasikia Mama Mdogo anatangaza: "Basi la lango namba nne linaondoka sasa hivi." Na lango namba nne halikuwa na basi! Nikawaona kwenye kioo cha dirisha, watu na mabegi, watu na watoto mgongoni, wanakimbilia lango tupu. Mzee mmoja kaangusha kofia, karudi kuiokota, kakimbia tena.

Meneja amenisema mpaka nikatamani sakafu inimeze. Sawa. Nilistahili.

Ilibaki kumpigia Mtaalamu. Nikamchezea rekodi kadhaa kwenye simu, nilizohamishia kwenye kompyuta yangu. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema pole, hizi hazifai. Ni maneno yaliyokatwakatwa, moja moja, yote kwa mkao wa kutangaza. Akiifundisha tableti kwa haya, Mama Mdogo atamtangazia mjukuu wake kama basi. Anataka mazungumzo. Mtu anacheka, anakasirika, anapumua katikati ya sentensi.

Mazungumzo! Nitayatoa wapi mimi?

Jioni binti wa Mama Mdogo alipiga simu kutoka mbali anakoishi. Mama Mdogo huwa anashika simu sikioni, anajibu kwa ukucha: kugonga mara moja ni ndiyo, mara mbili hapana. Leo binti kampa simu mtoto. Mtoto kasema bibi, bibi, bibi. Mama Mdogo kagonga. Mtoto kasema, mama, hakuna mtu, kuna kitu tu kinagonga.

Mama Mdogo akaweka simu mezani akaenda kufua nguo ambazo zilikuwa safi.

Jumanne, 4 Juni

Nimempigia Fundi Mitambo. Ndiye aliyekuwa anamrekodi Mama Mdogo, sasa amestaafu, anafuga kuku, na kila sentensi yake inakatizwa na jogoo. Nikamuuliza kama kuna rekodi nzimanzima, kabla ya kukatwa maneno.

Akacheka. Zipo! Akasema hakuwa anazima mikrofoni kabisa, maana Bi Lango alikuwa hawezi kutangaza mpaka amgombeze mtu kwanza. Ndivyo alivyokuwa anafungua koo. Bila ugomvi sauti haitoki vizuri. Kwa hiyo kila kikao cha kurekodi kina ugomvi wake, hadithi zake, vicheko, ndipo tangazo. Na yeye Fundi hakufuta hata kikao kimoja. Vyote vimo humohumo kwenye mashine, bekapu juu ya bekapu, nakala za akiba.

Nilitaka kumkumbatia kupitia simu.

Na kweli, kwenye skrini ya kompyuta ya matangazo kuna picha ya folda, "Vikao vyote". Ilikuwa mbele ya pua yangu siku zote! Nikaipa Python. Haipo. Nikaichunguza — si folda. Ni njia ya mkato tu, kibao cha "pita huku", na Python haifuati vibao vya Windows, inakiona kama faili dogo lisilo na maana. Nikakifuata kwa mkono. Kinaelekeza diski ya Z:. Na Z: haipo. Ilikuwepo siku Fundi alipokuwa na chumba chake cha kurekodia, aliipachika yeye juu ya folda fulani kwa urahisi wake. Chumba sasa ni stoo ya mifagio.

Nikampigia tena, Z ilikuwa imefunguliwa kwenye folda gani? Akasema mwanangu, Z ilikuwa Z.

Nilipomweleza Mama Mdogo, akaandika: Huyo fundi alikuwa anakula njugu kwenye mikrofoni. Akafuta kwa hasira kama kwamba ni jana.

Jumatano, 5 Juni

Hakuna.

Nimeipekua D yote, juu mpaka chini. Imejibu bila kosa, bila onyo, bila chochote: imemaliza, haikuona faili la kikao hata moja. Nikaipekua C. Hakuna. Nikarudia D. Hakuna, kwa adabu ileile.

Mkandarasi kaanza kuleta maboksi yake. Ameyapanga kwenye kiti changu. Nikamwomba asogeze kufuta mpaka wiki ijayo. Akasema ameandikiwa Ijumaa, na Ijumaa ndiyo Ijumaa. Si mtu mbaya. Ningependa awe mbaya, ningepata pa kumalizia hasira. Nikaomba kuikopi diski nzima kama ilivyo, akanisaidia kujaribu, ikafika mahali ikagoma, eti jina refu mno. Jina gani? Haikusema. Tukaghairi.

Nikamwambia Mama Mdogo ukweli. Akaandika: Acha. Imeenda, imeenda.

Hapo nikafoka. Nilimfokea mama yangu mdogo, mgonjwa! Nikasema kama imeenda mbona bado inawapigia kelele wasafiri kila siku, mbona wao wanaisikia na sisi hatuisikii? Akaniangalia. Akainua kalamu, akaishusha. Zamani angenijibu maneno ambayo ningeyakumbuka mpaka uzeeni. Ndicho kilichoniuma zaidi, ule mdomo uliofunguka halafu ukafunga.

Nimeomba msamaha. Amenipiga kofi dogo la bega. 

Alhamisi, 6 Juni

JINA REFU MNO!

Nimeamka nalo kichwani. Sikupiga mswaki, nilimpigia Fundi. Nikamwambia baba, nieleze bekapu ulikuwa unafanyaje, hatua kwa hatua, kama unamfundisha mtoto. Jogoo kawika, kanyamaza, Fundi kaeleza.

Kila akimaliza vikao vya msimu, alifungua folda mpya. Akaiita — nanukuu — "Bekapu ya uhakika ya vikao vyote vya matangazo USIFUTE". Kisha akaichukua ile ya msimu uliopita akaiingiza ndani ya mpya. Isipotee, akasema. Msimu unaofuata tena, hiyo ndani ya nyingine. Na nyingine. Kama mtu anayefunga nguo kwenye shuka, halafu shuka ndani ya shuka. Akajisifu kabisa: mwizi akifika pale atachoka.

Mwizi! Baba, aliyechoka ni mimi!

Maana Windows, kwa kawaida yake, ina kikomo cha urefu wa njia. Ikizidi hapo, haifiki. Uhakika ndani ya uhakika ndani ya uhakika, usifute usifute usifute — njia ikarefuka mpaka mashine ikakata tamaa. Fundi mwenyewe hakuona tatizo, kwani Z yake ilikuwa inafungukia kule kule ndani, kwake njia ilikuwa fupi. Na hii Python yangu, ile amri ya kutembelea folda, ikikuta mlango haufunguki haisemi "nimeshindwa". Inaruka, inaendelea, halafu inakuja kuniambia imemaliza! Siku nzima jana imenidanganya kwa kunyamaza. Afadhali ingenitukana.

Dawa: mwanzoni mwa njia unaweka slashi mbili za kinyume, alama ya kuuliza, slashi nyingine. \\?\ halafu D: na yanayofuata. Hapo Windows inaacha kupima urefu, inapita tu. Nani alifikiria alama ya kuuliza? Ila inafaa. Ndiyo sura yangu wiki nzima.

Nikaweka. Nikabonyeza. Nikafunga macho.

Vikao. Kimoja, kingine, kingine. Skrini ikajaa, ikashuka, ikajaa. Nikalia, ndiyo, nimelia juu ya kibodi ya kituo cha mabasi, na Mkandarasi akajifanya anahesabu waya.

Kukopi sikuwahi. Meneja kafunga chumba kwa sababu ya mafundi wa umeme. Kasema kesho saa mbili, na Mkandarasi anaanza kufuta akishapata chai.

Mama Mdogo nimemwambia zimepatikana. Akaandika: Zinasemaje? Sijui, nikasema, sijazisikia bado. Akafuta kibao, akakishika tu kitupu.

Ijumaa, 7 Juni

Naandika humuhumu chumba cha matangazo, kwa sababu nisipoandika nitapasuka.

Saa mbili kamili nilikuwa mlangoni. Nimechomeka flashi, programu inakopi faili moja moja. Mashine ya zamani, tundu la zamani, inavuta kama inakunywa uji wa moto. Mkandarasi amemaliza chai. Amekunywa nyingine, kwa hisani yake. Ya tatu amekataa. Akasema nusu saa, basi, ana kituo kingine mchana.

Halafu akasema jambo la maana, na ndilo lililotuponza. Akasema, una uhakika zinafunguka? Mimi nikishafuta sirudi nyuma. Fungua moja usikie. Nikamwambia siwezi, sauti itatoka nje, Jumatatu nilishakiona cha moto. Akasema ondoa hofu, waya wa spika nimeshauchomoa asubuhi, huu hapa. Akanionesha waya mkononi.

Nikabofya.

Waya alioushika ni wa ile saa kubwa ya ukutani.

Ikaanza na kikohozi. Kikohozi cha Mama Mdogo, kile cha kusafisha koo, kituo kizima! Kutoka spika iliyo juu ya dirisha letu, na za malango yote. Kisha: "Njugu tena? Wewe fundi, njugu tena? Nimekwambia mara ngapi, hawa watu wanataka kujua basi liko wapi, hawataki kusikia meno yako!" Fundi akijitetea kwa mbali. Halafu cheko. Nilikuwa nimelisahau cheko lile. Linaanzia chini, linapanda ngazi, linafika juu linapiga mluzi. Nimelisahau vipi mimi?

Mkandarasi akarukia kitufe cha kuzima. Mimi nimeganda. Nje watu wamesimama na mabegi yao, wameinua vichwa. Mpiga debe wa lango namba mbili kafungua mikono, anawauliza wenzake: Bi Lango? Si Bi Lango huyo?

Na kwenye benchi lililotazama dirisha letu, na chupa ya chai mapajani, Mama Mdogo. Sikujua amekuja! Hajakanyaga hapa tangu upasuaji. Amekaa wima, mkono kooni, anasikiliza.

"...nina mtoto wa dada yangu, huyo akishika kompyuta hasikii la mtu. Kichwa jiwe. Namwambia Meneja amchukue, hataki. Atamchukua. Nitamkalia hapa mpaka amchukue. Haya, washa. Abiria wa lango namba tatu — unanikatiza! Usinikatize!"

Sikujua hilo pia. Nilidhani kazi hii nimeipata kwa cheti.

Mkono wa Mkandarasi ulishafika kwenye kitufe mlango ulipofunguliwa kwa nguvu. Mama Mdogo. Hakuandika. Alimpiga kofi la mkononi, paa! kama anavyowapiga watoto wanaodokoa nyama jikoni. Mkandarasi akarudi nyuma na viatu vyake vyeupe. Mama Mdogo akavuta kile kiti chenye maboksi, akayasukuma chini, akaketi mbele ya mashine yake.

Programu inakopi. Zimebaki nyingi. Nimemwomba Mkandarasi, akaangalia saa, akamwangalia Mama Mdogo, akasema ngoja akatafute waya sahihi. Hajaondoka. Amesimama hapo mlangoni anasikiliza ugomvi wa njugu, na anacheka.

Simu ya mezani inaita. Najua ni nani. Inaita tena. Mimi sipokei.

Mama Mdogo ameipokea! Ameiweka sikioni. Namsikia Meneja hadi huku: nani huyo anayeongea kwenye spika zangu? Nani? Nauliza, ni nani?

Hajagonga kwa ukucha. Amenyanyua simu juu, ameielekeza kwenye spika, mkono umenyooka, na spika inamjibu Meneja, "Subiri kwanza, sijamaliza!"